Turne ya kundi la roki: konsere za mwanzo ao za mwisho, zipi ni nzuri zaidi?

Kundi kubwa la muziki linatangaza turne: miji makumi, miezi mingi, konsere moja nyuma ya ingine. Nyimbo karibu ni zile zile, wapigaji ni wale wale. Lakini mtu aliyeingia siku ya kwanza na mtu aliyeingia siku ya mwisho hawatoki na kitu kimoja. Nani alipata zaidi kwa feza yake?

Swali hili linagawanya wapenzi wa muziki wa roki tangu zamani. Wamoja wanasema: nenda mapema, wakati wanamuziki wangali na hamu. Wengine wanasema: ngoja, waache wazoee kwanza. Kusudi tupate jibu, tumeangalia turne ambazo historia yake inajulikana vizuri, zaidi zile mbili za kundi U2 kutoka Ayalandi: ile ya 1992 hadi 1993 na ile ya 1997 hadi 1998.

Jibu la haraka ni hili: mara nyingi konsere bora haziko mwanzo kabisa wala mwisho kabisa. Ziko wiki kadhaa baada ya kuanza. Lakini kuna mambo yanayoweza kugeuza jibu hilo, na kuyajua kunasaidia hata sisi huku mashariki, tunaponunua tikiti ya msanii anayepita, ao vijana wetu wanapotayarisha konsere yao ya kwanza.

Turne inatembea namna gani?

Kwa kawaida kundi linaingia studio, linatoa albamu, kiisha linaondoka kwenda kuipiga mbele ya watu. Safari hiyo njo inaitwa turne. Kwenye jukwaa utaona watu wanne ao watano, lakini nyuma yao kuna kijiji kizima: mafundi wa sauti, mafundi wa taa, madereva, wajenzi wa jukwaa, wapishi. Jukwaa linajengwa, linapigiwa, linabomolewa usiku ule ule, linapakiwa kwenye malori, na kesho kazi inaanza tena mji mwingine.

Turne ndefu inakatwa vipande. Wanapiga miezi miwili ao mitatu, wanarudi nyumbani kupumzika, kiisha wanaondoka tena. Hii ni muhimu kwa swali letu, juu "mwisho wa turne" si kitu kimoja. Konsere ya 80 iliyopigwa baada ya mapumziko ya mwezi mzima inaweza kuwa na nguvu kuliko konsere ya 30 iliyopigwa bila kupumzika.

Las Vegas, 1997: tarehe iliyofika mbele ya kazi

U2 ni watu wanne: Bono mwimbaji, The Edge wa gita, Adam Clayton wa besi na Larry Mullen wa ngoma. Mwaka wa 1997 walikuwa kati ya makundi makubwa kabisa duniani. Turne yao mpya, jina lake PopMart, ilipangwa kuanza tarehe 25 Aprili 1997 katika uwanja wa mpira mjini Las Vegas, Marekani.

Shida ilianzia mbali. Tarehe za konsere ziliwekwa wakati albamu ilikuwa haijamalizika. Studio ikachelewa, ikachelewa tena. Albamu, iliyoitwa Pop, ilitoka mwanzo wa mwezi wa Machi 1997, karibu wiki saba tu mbele ya konsere ya kwanza. Wakati uliopaswa kuwa wa mazoezi ulikuwa umekwisha kuliwa na studio.

Na jukwaa lenyewe halikuwa mchezo. Lilikuwa na ekrani ya picha yenye upana wa karibu mita 50 na urefu wa karibu mita 17, kubwa kuliko zile ambazo makundi yalikuwa yamezoea kubeba wakati ule. Juu yake kulikuwa na upinde wa rangi ya njano wa karibu mita 30. Kulikuwa tena na limau kubwa la chuma, karibu mita 12, linalong'aa: wanamuziki wanaingia ndani, limau linasogea katikati ya watu, linafunguka, na wao wanashuka. Kuendesha vitu hivyo vyote kuligharimu zaidi ya dolari 200,000 kwa siku moja. Kwa gharama ya namna hiyo, kusogeza tarehe kidogo kusudi watu wafanye mazoezi si jambo jepesi.

Basi siku ikafika. Walipoingia katika wimbo Staring at the Sun, wapigaji hawakwenda pamoja. Walisimama, kiisha wakauanza upya mbele ya uwanja mzima. Waandishi wengi wa habari walitoka wakiandika kwamba kundi halikuwa tayari. Wanamuziki wenyewe, katika miaka iliyofuata, walikubali kwamba mazoezi hayakutosha.

Kinachovutia ni yaliyofuata. Hawakuacha mambo vile. Wimbo ule uliowashinda waliugeuza: badala ya kundi zima, wakaupiga Bono na The Edge peke yao na gita. Wimbo mwingine wa albamu, Do You Feel Loved, waliutoa kabisa baada ya konsere chache. Wimbo Please ulikua njiani, usiku kwa usiku, hadi wakaurekodi upya mwaka ule ule na kuutoa kwa umbo lingine. Mwezi wa Julai, turne ilipovuka na kuanzia Ulaya mjini Rotterdam, kundi lilikuwa lingine. Na tarehe 3 Desemba 1997, zaidi ya miezi saba baada ya Las Vegas, konsere ya mjini Mexico njo waliyochagua kuifanya filamu.

Mwaka wa 2002, walipokusanya nyimbo zao za miaka kumi katika albamu moja, walichukua baadhi ya nyimbo za Pop na kuzitengeneza upya. Kwa maneno mengine, kazi ambayo studio haikuimaliza, barabara na miaka njo zilijaribu kuimaliza. Aliyelipa tikiti ya Las Vegas alilipia nyumba ambayo paa lake lilikuwa halijafungwa.

Vitu gani vinabadilika usiku kwa usiku?

Tukiacha majina makubwa, tuangalie ni nini hasa kinafanya konsere ya kumi isifanane na ya kwanza.

Cha kwanza ni mikono. Katika chumba cha mazoezi mpigaji anaweza kusimama na kurudia. Mbele ya watu hawezi. Baada ya konsere kadhaa, mikono inajua njia yenyewe. Mpiga ngoma hahitaji tena kumwangalia mwimbaji kusudi ajue mstari unaisha wapi, anausikia. Hapo njo wanamuziki wanapata nafasi ya kucheza na wimbo, badala ya kuuogopa.

Cha pili ni fundi wa sauti. Huyu anakaa katikati ya watu na meza yake ya vifungo, na kila sauti unayosikia inapita kwenye vidole vyake. Siku ya kwanza anajua tu namna muziki ulivyolia katika mazoezi, ambapo hakukuwa na watu. Uwanja uliojaa unalia tofauti na uwanja mtupu, sababu miili na nguo za watu zinameza sauti. Usiku wa kumi anajua tayari wimbo gani unafunika mwimbaji na wapi pa kupunguza besi. Kila mji bado unamletea fumbo lake, lakini anafika na funguo mkononi.

Cha tatu ni mpangilio wa nyimbo. Kwenye karatasi unaweza kuonekana mzuri, kumbe mbele ya watu nyimbo tatu za polepole zikifuatana zinawaketisha wote. Makundi mengi yanahamisha nyimbo katika wiki za kwanza mpaka mambo yakae sawa.

Cha nne ni watu wenyewe. Albamu ikiwa imetoka juzi tu, nyimbo mpya zinapokelewa kwa masikio na si kwa midomo: watu wanasikiliza, hawaimbi. Miezi sita baadaye uwanja mzima unaimba pamoja na kundi, na kundi linapiga kwa nguvu zaidi juu linasikia linarudishiwa.

Vitu hivyo vinne vinapanda kadiri turne inavyoendelea. Lakini viwili vinashuka: sauti ya mwimbaji na hamu ya wapigaji. Konsere bora ziko pale ambapo vile vinne vimekwisha kupanda na hivi viwili havijashuka sana.

Faida ya kuingia mapema

Hata hivyo, walio upande wa "nenda mapema" wana hoja yao, na mfano wao mzuri ni kundi la Uingereza, Pink Floyd.

Albamu yao The Dark Side of the Moon ilitoka Machi 1973, na hadi leo inahesabiwa kati ya albamu zilizouzwa zaidi duniani. Lakini Pink Floyd walikuwa wameanza kuipiga mbele ya watu mwaka mzima kabla ya hapo. Tarehe 20 Januari 1972, mjini Brighton, walianza kuipiga yote kwa mara ya kwanza, vyombo vikaharibika katikati na wakalazimika kuiacha. Kesho yake, mjini Portsmouth, waliweza kuifikisha mwisho.

Waliokuwa ndani ya konsere za 1972 walisikia kitu ambacho hakisikiki kwenye albamu. Kipande On the Run, ambacho leo kinajulikana kwa mlio wa mashine za elektroniki, kilikuwa bado ni gita na wenzake wakitafuta njia. Pale ambapo leo tunasikia mwanamke akiimba bila maneno, hakukuwa na mwimbaji: Clare Torry alirekodi sauti ile katika mwezi wa Januari 1973 tu. Watu wale waliona kazi ikizaliwa, na kila kosa lililosikika lilikuwa sehemu ya kuzaliwa huko.

Lakini angalia tofauti na Las Vegas. Pink Floyd walipeleka nyimbo zao kwa watu kusudi zipikwe, kiisha wakaingia studio kumaliza. U2 walifanya kinyume: walitoa albamu kwa haraka, na upishi ukabaki kufanyika barabarani, huku watu wamekwisha kulipa bei ya chakula kilichoiva. Kwa hiyo konsere ya mapema inaweza kuwa mali kubwa ikiwa kundi linajaribu kitu kipya. Inaweza kuwa hasara ikiwa kundi limechelewa tu.

Mahali wanapoweka kamera

Kuna njia moja rahisi ya kujua wanamuziki wenyewe wanaamini nini: angalia usiku gani wanaleta kamera. Filamu ya konsere inagharimu feza nyingi na inabaki miaka yote. Hakuna anayetaka kuirekodi siku ambayo kazi ni mbovu.

U2, tumekwisha kuona, waliirekodi PopMart baada ya zaidi ya miezi saba. Kundi la Marekani Talking Heads lilianza turne yake katikati ya mwaka wa 1983, na filamu yake Stop Making Sense ilirekodiwa Desemba ya mwaka ule mjini Los Angeles. Kundi la Queen lilianza turne yake ya 1986 tarehe 7 Juni mjini Stockholm, inchi ya Uswidi. Konsere zake mbili za uwanja wa Wembley, London, ambazo watu wanaziangalia mpaka leo kwenye simu, zilikuwa tarehe 11 na 12 Julai: wiki tano baada ya kuanza.

Mfano mwingine unatoka kwa kundi la Marekani lililoitwa Grateful Dead. Wapenzi wa kundi hilo walikuwa wanarekodi konsere wenyewe na kubadilishana kaseti, na kwa hiyo usiku mmoja unaweza kulinganishwa na mwingine kwa masikio, si kwa kumbukumbu tu. Kati ya konsere zaidi ya 2,000 walizopiga, ile inayotajwa sana kuwa bora ni ya tarehe 8 Mei 1977 katika chuo kikuu cha Cornell. Turne ile ilianza tarehe 22 Aprili. Hesabu mwenyewe: ni siku 16. Tena, mbele ya kuondoka walikuwa wametoka kufanya kazi ya studio na mtayarishaji mkali aliyewarudisha mara nyingi kwenye mazoezi. Walipanda jukwaani wakiwa wamekwisha kuiva, na wiki mbili za barabara zikaongeza chumvi.

Ukilinganisha, utaona kitu. Grateful Dead hawakubeba mitambo mikubwa ya limau na ekrani, na wiki mbili zilitosha. Queen walikuwa na jukwaa kubwa la viwanja, lakini nyimbo zao nyingi walizijua tangu miaka: wiki tano. U2 wa 1997 walikuwa na mitambo mikubwa na nyimbo mpya ambazo hazijaiva: ikawapasa miezi. Kadiri mitambo inavyokuwa mingi na mazoezi machache, ndivyo siku nzuri inavyosogea mbele.

Mwisho wa turne: mwili unadai deni

Sasa tuende upande mwingine wa barabara. Turne ya U2 iliyotangulia, Zoo TV, ilianza tarehe 29 Februari 1992 katika jimbo la Florida na ikaisha tarehe 10 Desemba 1993 mjini Tokyo, Japani. Karibu miaka miwili.

Mwishoni mwa Novemba 1993 walikuwa Sydney, Australia, na konsere mbili. Ya pili, tarehe 27, ilipaswa kurekodiwa kwa ajili ya televisheni, na ya kwanza ilikuwa ya kujaribu kamera. Usiku ule wa kwanza, Adam Clayton hakuweza kupanda jukwaani kwa sababu ya pombe ya siku iliyotangulia. Fundi aliyekuwa anashughulikia vyombo vyake njo aliyepiga besi mahali pake. Kesho yake Clayton alirudi, na konsere ikarekodiwa. Yeye mwenyewe amelizungumzia jambo hilo wazi, na tangu hapo aliacha pombe miaka iliyofuata.

Hapa somo lina pande mbili. Filamu ya Sydney ilipigwa wiki mbili tu kabla ya turne kuisha, na ni kazi nzuri: baada ya miaka miwili kundi lilijua kila kona ya jukwaa lile. Lakini usiku mmoja nyuma, watu wengine, wenye tikiti ya bei ile ile, walipata kundi lenye watu watatu na msaidizi. Mwisho wa turne ni hivyo: kilele na shimo vinakaa jirani.

Si mwili tu unaochoka. Pink Floyd walimaliza turne yao ya 1977 tarehe 6 Julai katika uwanja wa Olimpiki mjini Montreal, Kanada. Roger Waters, mpiga besi na mtungaji wao, alikuwa amechoshwa na viwanja vikubwa na makelele yake, akafikia kumtemea mate mtu mmoja aliyekuwa mbele ya jukwaa. Kitendo hicho kilimshtua mwenyewe, na kutoka hapo lilikuja wazo la albamu The Wall iliyotoka 1979, yaani ukuta kati ya mwanamuziki na watu.

Na kuna koo. Tunapotoa sauti, ndani ya koo mikunjo miwili midogo ya nyama inagongana. Kwa mwanaume anayeongea polepole, inagongana zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja. Akiimba juu, ni mara mamia kadhaa. Konsere ya masaa mawili ni mapigo maelfu kwa maelfu. Mikunjo hiyo inavimba, sauti inakauka, na dawa yake kubwa ni kunyamaza na kunywa maji. Asiyenyamaza anaweza kuota vinundu vidogo juu yake. Freddie Mercury wa Queen, aliyezaliwa Zanzibar mwaka wa 1946, aliishi na shida hiyo, na zaidi ya mara moja kundi lililazimika kufuta konsere. Mpiga gita akichoka, bado gita italia. Mwimbaji akichoka, chombo chenyewe kimeharibika, na hakuna duka la kununua kingine.

Sarajevo: pale sauti ilikufa na konsere ikapona

Kuna konsere moja inayokataa hesabu zote hizi, na sisi wa huku tunaweza kuielewa kuliko wengi.

Mji wa Sarajevo, inchi ya Bosnia, ulizungukwa na vita kwa karibu miaka minne kuanzia 1992. Katika turne ya 1993, U2 walikuwa wanaunganisha konsere zao kwa setilaiti na watu waliofungiwa ndani ya mji ule, wakaongea moja kwa moja na viwanja vya Ulaya. Wengi walilaumu jambo hilo: inawezekanaje kuchanganya starehe na mateso ya watu? Mwezi wa Agosti, kutoka Sarajevo, wanawake waliambia uwanja wa London kwamba baada ya dakika hizo kila mtu angerudia furaha yake na kuwasahau. Baada ya hapo uunganisho ulisimamishwa. Lakini ahadi ya kwenda kupiga Sarajevo ilibaki.

Ilitimizwa tarehe 23 Septemba 1997, miezi mitano ndani ya PopMart. Siku tatu mbele yake walikuwa wamepiga mjini Reggio Emilia, Italia, mbele ya watu wapata 150,000. Bono alifika Sarajevo na koo iliyokwisha. Sauti ilikatika mbele ya watu karibu 45,000. Wale watu wakachukua nyimbo na kuziimba wenyewe. Kati yao walikuwemo watu wa pande ambazo miaka miwili tu nyuma zilikuwa zinapigana, na treni zilitembea kwa mara ya kwanza tangu vita ianze, kusudi ziwalete.

Ukiipima kwa masikio, ni kati ya konsere mbovu za turne ile: mwimbaji hana sauti. Ukiwauliza wanamuziki wenyewe, njo usiku wanaoutaja kuwa mkubwa kupita yote. Tena, katika mji ambao kwa miaka watu hawakuweza kukusanyika bila kuogopa bomu, kule kukusanyika tu kulikuwa ni nusu ya muziki.

Basi, uende lini?

Tukiweka yote pamoja, msomaji mwenye uwezo wa kuchagua usiku anaweza kufuata njia hii.

Kama kundi linabeba jukwaa kubwa na mitambo mipya, acha konsere za kwanza zipite. Kama ni kundi la watu wachache, gita na ngoma, wiki mbili zinatosha. Kama wanapiga nyimbo ambazo bado hazijatoka, nenda mapema kabisa, utaona kinachozaliwa. Kama kundi linasimama juu ya sauti ya mtu mmoja, angalia ratiba yake: konsere inayofuata siku mbili za kupumzika ni bora kuliko ile ya nne mfululizo, hata ikiwa mwisho wa turne. U2 wenyewe walimaliza PopMart hapa Afrika, mjini Johannesburg, tarehe 21 Machi 1998, na mbele ya kipande hicho cha mwisho walikuwa wamepumzika wiki sita, kutoka katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari. Watu wa Afrika ya Kusini walipata mwisho wa turne, lakini si masalio.

Na kama unaweza kuingia mara moja tu, ingia. Waliosema mwaka wa 1986 kwamba wataona Queen kwenye turne ijayo hawakuiona. Konsere ya Knebworth, tarehe 9 Agosti 1986, ilikuwa ya mwisho pamoja na Freddie Mercury. Alikufa mwezi wa Novemba 1991 bila kurudi kwenye turne.

Kwa wakaaji wa huku, mara nyingi hakuna kuchagua. Msanii anapita mara moja, ao hapiti. Lakini bado tunaweza kuuliza maswali mbele ya kutoa feza: kundi lake lote linakuja ao anakuja peke yake na muziki uliorekodiwa? Amepiga wapi wiki hii? Mafundi wa sono watafika mapema kujaribu vyombo, ao watafungua masanduku watu wakiwa wamekwisha kuingia?

Kwa vijana wenye makundi na kwa wanaotayarisha konsere zao, somo la Las Vegas ni la bure. Msitangaze tarehe wakati nyimbo hazijaisha. Fanyeni mazoezi ya mwisho na sono ile ile mtakayotumia, mkiwa mmesimama, nyimbo zote kwa mpangilio bila kukata. Pigeni kwanza mahali padogo, mbele ya majirani na marafiki, mara mbili ao tatu, kusudi makosa yatokee pale ambapo hakuna aliyelipa. Mwimbaji anyamaze siku inayotangulia. Kundi lenye feza nyingi kama U2 liliweza kuanza vibaya na kujirekebisha kwa miezi, juu lilikuwa na konsere 92 zingine za kufuata. Kundi la mtaani mara nyingi lina moja tu.